Fyuzi ya Wapangaji

Mwaka wa 1966, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba yangu alitoka asubuhi kwenda kazini na hakurudi. Hakufa. Watu wakisikia hivyo huanza kunipa pole, nami huwaambia wabaki na pole yao. Alikuwa amepata mwanamke Nakuru, akahamia huko na redio yetu. Mama alibaki na sisi watoto watano katika chumba kimoja Kibera, nyumba ya udongo ya mama mmoja Mnubi aliyekuwa na subira kuliko wenye nyumba wote niliowahi kuwaona, na nimewaona wengi, na mimi mwenyewe ni mmoja wao sasa.

Nilikuwa darasa la tatu. Siku hizo tulianza shule tukiwa wakubwa. Niliacha na kitabu cha hesabu kikiwa hakijafika katikati, na mpaka leo kugawanya kwa tarakimu mbili kunanishinda. Lakini kugawa stima hakunishindi, na hiyo ndiyo habari ninayotaka kuandika hapa.

Katika chumba chetu kulikuwa na koroboi moja. Asubuhi ukipenga kamasi unaona masizi. Kwa hivyo nilipopata kazi ya kubeba ngazi na paipu kwa Mhindi mmoja fundi wa stima mjini, nilijiona nimeingia mbinguni, maana kila nyumba tuliyoingia tuliiacha inawaka. Nilimbebea miaka tisa. Hakunifundisha kwa mdomo. Nilijifundisha kwa macho, nikishika ngazi huku nikitazama juu mpaka shingo inakauka. Kitu kimoja tu ndicho alichokisema kwa mdomo, tena alikisema kila tulipobadilisha boksi la fyuzi la nyumba ya mtu.

“Wewe sikia. Taa yote hapana weka fyuzi moja. Fyuzi nakata, mama nashuka ngazi kwa giza, navunja mguu. Gawa. Hapa moja, pale moja.”

Maana yake ni rahisi. Taa za nyumba zisitegemee fyuzi moja peke yake. Uziweke katika laini mbili, na uzichanganye, ili laini moja ikikata, mtu akitoka mlangoni apate taa nyingine karibu inayowaka. Vijana wa leo wana breka za kubonyeza, hawajawahi kuona waya wa fyuzi, na bado wananiuliza, “Mzee, tugawe taa ama tuache?” Gawa. Lakini uliza kwanza zinagawanywa vipi, maana mimi niligawa vibaya mara moja, na aliyelipia hiyo kazi ni mguu wa mke wangu.

Mwaka wa 1975 Mhindi alifunga duka akahama nchi na jamaa yake yote. Aliniachia kofia. Karatasi hakuniachia. Leseni ilitaka karatasi, karatasi ilitaka shule, na shule niliiacha kwenye kile kitabu cha hesabu. Nikawa fundi ambaye si fundi.

Hapo ndipo nilipokutana na mzee wa Kawangware.

Alikuwa mwenyeji wa pale, shamba la babu yake, mzee wa kanisa, mtu safi wa kola iliyonyooka. Shamba alikuwa ameshaligeuza ploti. Mbele alijenga nyumba yake ya mawe. Nyuma yake, zikiwa zimeshikana nayo, aliweka safu mbili za vyumba vya mbao, sita kulia na sita kushoto, zinatazamana, na katikati korido nyembamba yenye paa la mabati. Korido hiyo ilikuwa na mlango mmoja tu, na huo mlango ulikuwa kando ya jiko la mzee. Ukitoka kwenda kazini, umepita mbele ya jiko lake. Ukirudi na nyama kidogo kwenye gazeti, umepita mbele ya jiko lake.

Aliniambia, “Kijana, nimesikia unajua stima. Nitakupa chumba bure. Wewe utaniangalia stima ya ploti.”

Chumba bure Nairobi. Nilicheka njia nzima mpaka Kibera. Mwaka huo huo nilioa, msichana wa Kibera, mrefu, mkali, aliyekuwa akiuza uji kwa wajenzi asubuhi. Tukahamia chumba cha mwisho upande wa kushoto. Mzee akaninunulia vifaa: ngazi, nyundo, koleo, bisibisi mbili, na ile ya kupima moto. Nilimshukuru mpaka nikainama.

“Lakini vinalala kwangu,” akasema.

Vililala kwenye kabati la sebuleni kwake, chini ya boksi la fyuzi, na ufunguo wa kabati ulikaa kiunoni mwake. Nikipata kazi Gatina ama Riruta, ilibidi niende kuomba.

“Unaenda wapi na ngazi yangu?”

“Kuna duka linataka taa mbili, mzee.”

“Kesho. Leo swichi ya mama inatoa cheche.”

Mama alikuwa mke wake. Kesho kulikuwa na kengele. Kesho kutwa glopu ya choo. Baada ya mwaka mmoja watu wa Gatina waliacha kuniita, na nikajikuta nikiinamisha uso kila nilipopita pale jikoni. Wenzangu waliolipa kodi walikuwa na uhuru wa kukasirika na kuhama mwisho wa mwezi. Mimi niliyekaa bure sikuwa nao. Sikuwa na kodi ya kutoa kwingine, wala kifaa cha kuitafutia hiyo kodi. Nilikaa hivyo miaka mitano.

Sasa boksi la zamani lilikuwa na fyuzi moja ya taa. Ya mzee na ya wapangaji, zote hapo. Saa tatu usiku mzee aliing'oa, ploti nzima ikalala. Hatukulalamika sana, kwa sababu na yeye alikuwa akilala. Akitaka kusoma, sisi pia tulikuwa na taa. Hiyo haki ndogo hakuna aliyeipanga. Ililetwa na waya.

Ugomvi ulikuwa wa pasi. Chumba cha mpangaji hakikuwa na soketi. Mwenye nyumba alitoa taa moja tu. Lakini madukani kulikuwa na kidude cha kuingiza pale glopu inapokaa, unachomeka pasi chini yake, na mtu aliyefanya kazi ofisini hakutaka kwenda na shati lenye mikunjo. Pasi mbili zikiwashwa pamoja, fyuzi inakatika. Mzee akachoka kubadilisha, siku moja akaweka waya wa kufungia ua.

Nikamwambia, “Mzee, hiyo si fyuzi, hiyo ni waya.”

“Na fyuzi ni nini kama si waya?”

Jumamosi moja mchana boksi likayeyuka. Ubao uliolishika uligeuka mkaa, harufu ya mpira ikajaa sebule, tukamwaga mchanga tukifunika pua. Mungu alisaidia nyumba haikuwaka. Mzee akaenda kununua boksi jipya, la nafasi nne, akaliweka mezani likiwa bado na karatasi zake.

“Wameniambia dukani siku hizi taa zinagawanywa,” akasema. “Ni kweli?”

Nilifurahi kama mjinga. Nilikaa bila kuambiwa kaa. Nikamweleza maneno ya Mhindi wangu, nikachora na kidole juu ya kitambaa cha meza: vyumba vya kulia na sebule yako laini moja, vyumba vya kushoto, korido na vyumba vyako vya kulala laini ya pili. Moja ikikata, hakuna anayekaa gizani kabisa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikoroga chai.

“Hapana. Taa zangu fyuzi yangu. Taa zao fyuzi yao. Wakileta hizo pasi zao, natoa yao, mimi naendelea kusoma Biblia yangu.”

“Na korido, mzee, iende kwa nani?”

“Mimi napita kwa korido?”

“Mlango ni mmoja. Kuna watoto, kuna majiko...”

“Fundi. Nimekuuliza ama nimekuambia?”

Ningeweza kusema hapana. Sikusema. Nilifanya hiyo kazi siku mbili, na niseme ukweli, niliifanya vizuri na kwa majivuno. Nyaya nilizinyoosha, vibanio nikavipigilia kwa kipimo kimoja cha kidole. Nikamwomba binti yake rangi ya kucha, nikaweka tone jekundu kwenye fyuzi ya wapangaji, ili mzee asikosee akajizimia. Nilifikiria hata hilo.

Kuanzia wiki hiyo tukaanza kuishi chini ya lile tone jekundu. Mita ilikuwa ukutani karibu na kiti chake. Akiona kile kisahani cha ndani kinakimbia, anainuka, anafungua kabati, anang'oa. Baadaye hata mita hakuingoja. Aling'oa kwa sababu ya redio. Aling'oa kwa sababu mtoto wa chumba cha nne analia. Aling'oa siku mpangaji mmoja alipopita jikoni bila kumsalimia mama. Saa moja jioni, saa kumi na mbili na nusu, wakati watu wanapika. Kisha anashika tochi anakuja kwenye korido, anaingia chumba kimoja kimoja bila kubisha, ananusa, anashika nguo zilizoning'inia.

“Hii shati imepata joto wapi?”

“Ni jua, mzee.”

“Jua la saa moja?”

“Jua la leo lilikuwa kali.”

Chumba kinachotazamana na chetu kilikuwa cha mwashi mmoja, Mluhya mnene mwenye sauti. Taa zikizimwa alipiga kelele gizani ili wote wasikie: “Fundi! Tuombee kwa baba yako atuwashie.” Watu wanacheka. Mke wangu hakucheka. Aliwasha koroboi, ile ile ya Kibera, na kusema polepole, “Nimeolewa na fundi wa stima.”

Jioni ya mguu nilikuwa jikoni kwa mzee, natengeneza swichi ya mama, taa inawaka juu ya kichwa changu. Mzee alipita nyuma yangu akielekea sebuleni. Nilisikia kabati likifunguka. Nilijua anachofanya. Mke wangu alikuwa koridoni anaipua maharagwe, hilo pia nilijua, maana nilikuwa nimepita kando yake dakika kumi kabla. Niliendelea kukaza skrubu.

Aliponieleza baadaye, alisema giza lilimkuta ameshika sufuria kwa mikono miwili. Alirudi nyuma kutafuta ukuta kwa mgongo, kisigino kikagusa jiko la jirani, akaruka, na sufuria ikamwagika juu ya mguu wa kulia. Mimi nilisikia kelele moja tu ikipita ukutani, fupi. Nilitoka nikigonga watu gizani. Nilimkuta ameketi chini, maharagwe yametapakaa, ameshika goti lake kama mtu anayeshika kitu cha mwenzake.

Mzee alifika na tochi. Akammulika mguu.

“Pole sana, mama. Lakini jiko haliwekwi njiani.”

Kisha, na hili halijanitoka, alienda kumalizia kutafuta pasi. Aliipata chumba cha pili. Alirudi nayo ameibeba kwa waya.

Mke wangu alikaa ndani wiki saba. Mguu ulivimba, ngozi ikatoka kama soksi, zahanati wakamfunga na kumwambia asikanyage. Uji wake wa asubuhi ukachukuliwa na mwanamke mwingine. Chumba kilikuwa hatua nne kwa tatu, dirisha moja linatazama ukuta wa choo. Siku nzima alisikiliza nyayo za watu wanaoweza kwenda mahali. Jioni taa inazimwa, inawashwa, inazimwa. Yeye kitandani, mimi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Jioni moja akauliza, “Nani aliweka korido kwa fyuzi yake?”

“Yeye ndiye alitaka.”

“Sijauliza alitaka nini. Nimeuliza nani aliweka.”

“Ni mimi.”

“Basi itoe.”

“Tutafukuzwa.”

“Sasa hapa tumekaa?” akasema. “Mimi nimetoka Kibera. Hata kwa mguu mmoja naijua njia ya kurudi.”

Ningependa kuandika kwamba niliinuka saa ile. Sikuinuka. Nilichukua wiki tatu kuogopa. Niliogopa kurudi kwa mama yangu na mke mgonjwa, mtu mzima wa miaka ishirini na sita, bila hata bisibisi. Niliogopa mama Mnubi atafungua mlango aniangalie tu, aseme karibu. Nilikuwa nimeondoka pale nikijigamba.

Kila Jumapili kabla ya kanisa mzee aling'oa ile fyuzi nyekundu na kuiweka mfukoni, watu wasipige pasi akiwa anaomba. Kwa hivyo Jumapili mchana laini ya wapangaji ilikuwa haina moto. Laini yake ilikuwa nao, na kabati limefungwa, na vifaa vyangu viko ndani ya kabati. Nilikopa koleo kwa fundi wa baiskeli barabarani, pamoja na vipande vya mpira wa tyubu. Kisu nilichukua cha jikoni.

Kuta za mbao hazikufika juu. Kati ya vyumba na mabati kulikuwa na nafasi ya mtu kulala kifudifudi, na dari ya vyumba ilikuwa maboksi ya katoni yaliyopigiliwa. Nilipanda ukuta wa chumba chetu wakati gari la mzee limetoka tu. Mke wangu akajikokota mpaka mlangoni, mguu juu ya blanketi lililokunjwa, akaanza kumenya viazi na kubishana kwa sauti na mwashi juu ya bei ya mkaa. Wakirudi, agonge kifuniko cha sufuria.

Jua la mchana juu ya mabati ni kitu ambacho mtu asimwombee adui. Nilitambaa juu ya boriti kuelekea nyumba ya mbele, mgongo unagusa mabati, shati linaungua. Pale ambapo mbao zinakutana na mawe nafasi ilikuwa nyembamba, nikakwama kiunoni. Siendi mbele, sirudi. Nikaona aibu ya kufa hapo, wanitoe Jumatatu kama panya. Nikatoa hewa yote kifuani, nikasukuma, ngozi ya nyonga ikabaki kwenye jiwe.

Kazi yenyewe mtu wa stima ataielewa, na asiye wa stima nitamwambia kwa ufupi. Taa ya sebule ya mzee niliikata kwenye laini yake, nikaiunga na ile ya wapangaji wa kulia. Wapangaji wa kushoto na korido nikawatoa kwao, nikawaunga na laini ya vyumba vya kulala vya mzee. Nyaya za mzee nilizikata zikiwa na moto, nimelalia mbao kavu, natumia mkono mmoja. Zilinirusha mara moja. Niliuma ulimi, mkono ukakataa kunitii kwa muda, nikalala nikihesabu vidole.

Kifuniko cha sufuria kiligongwa mapema. Gari lilikuwa limerudi na mimi bado nina kiungo kimoja, niko juu kabisa ya meza yao ya chakula. Nikajibana hapo hapo. Wakaingia, wakaomba, sala ndefu, jasho langu linadondoka kwenye ubao wa dari nikiogopa litapenya. Kisha vijiko.

Mama akauliza, “Mguu wa bibi ya fundi unaendeleaje? Wasije wakahama.”

“Ahamie wapi?” mzee akasema, anatafuna. “Yule hana hata bisibisi.”

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema mvua haitanyesha leo. Akaomba chumvi.

Nilikuwa nimejua hivyo miaka mitano, lakini sikuwa nimewahi kusikia kwamba na yeye anajua. Nilifikiri alikuwa amesahau tu kunipa ufunguo. Nikafunga kile kiungo cha mwisho kwa mpira wa tyubu, taratibu, juu ya vichwa vyao, na nikangoja mpaka walipokwenda kupumzika ndipo nikarudi. Mke wangu alinivuta miguu. Alinipa maji na kunipaka majivu ya jiko usoni ili nionekane nimekuwa nikiwasha moto.

Jioni mzee alirudisha fyuzi. Kila taa ikawaka. Hakuna aliyejua ila sisi wawili na mwashi.

Jumatatu na Jumanne mzee alikuwa kwenye vikao vya kanisa, akarudi usiku watu wamelala, hakung'oa kitu. Jumatano wazee watatu wa kanisa walikuja kwake kunywa chai. Mimi niliitwa kubadilisha glopu ya barazani, kwa hivyo niliona yote mlangoni. Mazungumzo yalikuwa mazuri, habari za kuezeka kanisa. Mzee akatupa jicho kwenye mita. Akainuka, “Samahani kidogo,” akafungua kabati, akang'oa ile yenye tone jekundu.

Sebule ikazimika. Vikombe vikagongana. Kule koridoni taa ikaendelea kuwaka, unaiona kupitia mlango wa jiko, na watu wa upande wa kushoto wanaendelea na mambo yao.

Akairudisha. Sebule ikawaka. Akafikiri amekosea, akang'oa ya pili. Vyumba vyake vya kulala vikazima, binti yake akaita kutoka ndani, “Baba, nasoma.” Korido ikawa giza, lakini vyumba vya kulia vyote vinang'aa na milango iko wazi.

Mmoja wa wale wazee, aliyekuwa mkubwa kwa wote, akasema, “Sasa unatuzimia sisi ama unajizimia wewe?”

Mzee alinigeukia. Sikuwa na mahali pa kujificha, nilikuwa juu ya ngazi yake.

“Umefanya nini na nyumba yangu?”

“Nimegawa taa, mzee. Vile nilikuambia mara ya kwanza.”

“Rudisha.”

“Sirudishi.”

Sikujua kama nina hilo neno mdomoni. Lilitoka dogo.

“Nitaita polisi. Huyu hana leseni. Anashika stima na hana leseni.”

Yule mzee mkubwa akaweka kikombe chini. “Na miaka hii yote alipokuwa anakushikia, alikuwa nayo?”

Mwenzake akakohoa, na kilikuwa kikohozi cha mtu anayeficha kicheko. Mzee akasema nitoke chumbani kwake, na kitu chake chochote kisitoke na mimi. Nikashuka ngazi, nikamwachia koleo na bisibisi juu ya kiti, nikamwambia asubuhi hatutakuwepo.

Mwashi alitafuta mkokoteni. Tulikuwa na godoro, sufuria tatu, ndoo, na sanduku la nguo. Mke wangu aliketi juu ya godoro, mguu umenyooshwa mbele, kitambaa kichwani, kama mtu anayepelekwa harusini. Tulipita mbele ya lile jiko kwa mara ya mwisho. Mama alikuwa ndani, akatazama sufuria yake. Kutoka hapo mpaka Kibera nilisukuma nikiwa na ngozi mbichi kwenye nyonga, na kila tuta mke wangu aliniambia, “Polepole wewe, hii si mahindi.”

Mama Mnubi alifungua mlango, akatuangalia, akasema karibu.

Miezi miwili nilichimba mitaro. Kisha mwashi akaja kunitafuta, amefuatana na mtu mwenye mkoba wa ngozi. Mzee alikuwa amemwita fundi wa mjini, mwenye leseni, aje afumue kazi yangu. Fundi akapanda, akatambaa, akashuka. Alimwambia mzee hafumui kitu: aliyegawa hivi anajua kugawa, na ukitaka wapangaji wote wakae gizani na korido yao, tafuta mtu mwingine wa kufanya hiyo dhambi. Halafu akauliza huyo mtu yuko wapi.

Alinitazama kutoka juu mpaka chini, nina udongo mpaka magotini.

“Kazi yako nzuri,” akasema. “Mpira wa baiskeli ni aibu.”

“Utepe ulikuwa umefungiwa kabatini.”

“Unasoma?”

“Kidogo.”

“Nitasoma mimi. Wewe utapanda.”

Nilifanya naye kazi miaka minane, chini ya leseni yake, Riruta, Gatina, mpaka Kabete, na kila mwisho wa wiki nililipwa mkononi. Mwaka wa pili nilinunua vifaa vyangu mwenyewe. Mguu wa mke wangu ulipona na kovu kuanzia vidoleni mpaka juu ya kifundo, na hata leo havai kiatu cha kufunga. Hanilaumu. Wala hajawahi kusema amenisamehe, na mimi sijamuuliza.

Duka lilitoka kwenye hiyo mishahara, ploti ikatoka kwenye duka, na niliyonayo leo ni haya. Nyumba ya mawe Riruta, vyumba vinne, na tangi la maji. Ploti moja Gatina, ghorofa mbili, vyumba kumi na sita, milango miwili ya kutokea. Duka la vifaa vya stima, la ukubwa wa kati. Pikapu moja kuukuu ambayo bado inawaka asubuhi. Ekari mbili upande wa Limuru, zina viazi na miti. Ng'ombe wawili wa maziwa na ndama mmoja.